Viatu vya Njia ya Ujiji

Wasikilizaji, baada ya habari nzito mlizozisikia, niwieni radhi niseme juu ya viatu. Si buti za kupandia theluji, hizo tumewaachia wenzetu wa Kilimanjaro, bali katambuga, ambazo juzi hapa Tabora niliwakuta baba na wanawe wakizishona, mzee amelaza kipande cha tairi juu ya gogo, akikichovya kisu majini kila baada ya mkato ili mpira usiking'ang'anie, na kijana akipitisha kanda za tyubu na kuzigongomea misumari kwa chini.

"Shikamoo mzee. Chadumu muda gani kiatu hiki?"

"Marahaba. Mwanangu, tairi hili limekwisha tembea kabla wewe hujalivaa."

Nikakumbuka Januari ya 1872, mpelelezi Livingstone akiwa njiani kutoka Ujiji pamoja na mwandishi wa habari Stanley, viatu vyake vikiwa vimechakaa, naye amevichanja kwa kisu ili kuipa nafuu miguu yenye malengelenge. Na walipowasili Kwihara, karibu na hapa Tabora, tarehe 18 Februari, akakuta masandukuni jozi mbili za buti nzuri za Kiingereza, hidaya ya sahibu yake Horace Waller. Ajabu ni kwamba buti hizo zimehesabiwa katika shajara ya Livingstone, ilhali nyayo za wapagazi wa Kinyamwezi, waliochukua pembe za ndovu toka huku hadi Bagamoyo, zimeandikiwa machache mno.

Nami nilinunua jozi moja. Cha kulia chanibana kidogo; mzee ameniambia nimrudishie kesho akitie kisu.