"Borrow" na "Lend" Katika Madarasa ya Pumwani



Nimeombwa nizungumzie vitenzi viwili vya Kiingereza vinavyowatatiza wanafunzi wetu: "borrow" na "lend". Kuanzia gredi ya nne, Kiingereza kinapokuwa lugha ya kufundishia, hadi sekondari, tunasikia kila siku: "Teacher, borrow me your pen." Tunasahihisha, mtoto anarudia vizuri, na kesho yake kosa ni lile lile. Sikubali kwamba ni uzembe. Chanzo chake ni Kiswahili, lugha iliyozungumzwa Pumwani tangu mtaa huu uanzishwe mwanzoni mwa miaka ya 1920, na ambayo watoto wengi huja nayo kutoka nyumbani.

Tukiangalie kitenzi kuazima. Katika nyumba ya Majengo, hapa hapa Pumwani, yenye wapangaji wengi, mama hubisha mlango wa pili: "Mama Zuhura, niazime sufuria kubwa." Baadaye mumewe akiuliza sufuria ni ya nani, atajibu: "Nimeiazima kwa Mama Zuhura." Katika sentensi ya kwanza anayeazima ni mwenye sufuria, katika ya pili ni aliyeichukua. Kitenzi ni kimoja na hakuna anayepotea, kwa sababu viambishi pamoja na neno "kwa" vinaonyesha sufuria inaelekea wapi. Kiingereza kimeigawa kazi hiyo: anayepokea "borrows from", anayetoa "lends to". Basi mtoto anayesema "borrow me" ametafsiri "niazime" neno kwa neno. Wala hili si la Waafrika tu. Kijerumani kina kitenzi "leihen" kinachobeba maana zote mbili, na hata Uingereza na Marekani zipo lahaja ambamo watu husema "borrow me".

Dawa tunayo nyumbani. Mtoto aliyelelewa karibu na vibanda vya soko la Gikomba anajua mapema kwamba anayekopa ndiye mwenye deni, na anayekopesha ndiye anayedai. Akitaka hela hasemi "nikope", husema "nikopeshe". Hapo mwelekeo umekwisha kukaa kichwani mwake. Tufundishe "borrow" kwa kukopa na "lend" kwa kukopesha, tuache kuandika ubaoni "borrow: azima" na kuishia hapo.

Tahadhari moja, na ni kubwa. Tunakopa fedha, unga au sukari, vitu vinavyotumika vikaisha, kisha tukarudisha kiasi kile kile. Sufuria tunaiazima, maana itarudi yenyewe. Kiingereza hakijali tofauti hiyo. Hela na sufuria vyote ni "borrow". Kwa hiyo kukopa kutuonyeshe mwelekeo tu, isije insha ya Kiswahili ikaandikwa "nilikopa kitabu maktabani".

Kuhusu wakati uliopita, "lent" badala ya "lended", mazoezi ya kawaida yanatosha.

Nawaomba, kabla muhula ujao haujaanza, kila mwalimu wa Kiingereza aketi na mwenzake wa Kiswahili walipange somo hili pamoja. Kosa linazaliwa katika lugha moja na kuonekana katika nyingine, na mwalimu mmoja peke yake hatalimaliza.