Kodi ya Nyumba na Kauli ya Kiongozi



Ipo hoja inayopendwa sana hapa Dodoma, hata na watu ninaowaheshimu: mwanasiasa tajiri ni salama kuliko maskini, maana mwenye shibe haibi. Nyumba zake ni zake, tumpime kwa sera. Historia ya Azimio la Arusha la 1967, lililowawekea viongozi masharti ya mali, mnaijua. Nitashughulika na hoja hii tu.

Kwanza, wanaoitetea hawajatuambia mtu hushiba akifikisha nyumba ya ngapi. Pili, wanadhani hatari yenyewe ni wizi. Wizi ulikuwa kosa la jinai kabla ya 1967, haukuhitaji azimio.

Someni tena sehemu ya tano ya Azimio, ile ya masharti ya uongozi. Naipenda kupita kiasi, wanafunzi wangu ni mashahidi. Inamkataza kiongozi hisa katika makampuni, ukurugenzi wa makampuni ya kibepari, mishahara miwili, na nyumba za kupangisha. Angalieni isichokataza: kuishi katika nyumba nzuri. Vyumba vingapi, bati au vigae, haijali. Inachojali ni mfuko wa kiongozi unajazwa na nani. Kisha inamhesabu kiongozi pamoja na mwenzi wake, mume kwa mke. Walioiandika walishajua kwamba hati ya nyumba inaweza kusomeka jina la mama watoto.

Nao hawakuwa wakiota. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, wakainyooshea kidole mishahara ya wakubwa. Mwalimu Nyerere aliwatimua, ila alipunguza pia mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20.

Mnaonipinga mtanitajia Bibi Titi Mohamed, na mna haki. Mama huyu alizunguka nchi akiijenga TANU, akawa na nyumba za kupangisha, na hakuna aliyesema ameziiba. Sharti lilimuuma. Mwaka 1967 akajiuzulu kwenye Kamati Kuu. Nalisoma tukio hilo kwa huzuni, na bado naona sharti lilikuwa sahihi.

Nilipoanza kufundisha hapa, dalali alinizungusha kutoka Area C hadi Nkuhungu. Chumba na sebule, kodi ya mwaka mzima mkononi. Nikaomba nilipe miezi mitatu. “Mwalimu, hii nyumba ya mheshimiwa, haina mjadala.” Basi jiulizeni: muswada wa kumlinda mpangaji ukifika bungeni, mheshimiwa huyo atamtetea nani? Hajaiba hata senti. Na tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa kwa kasi mwaka 2016, wanaotafuta vyumba wameongezeka mno.

Mwaka 1991, kule Zanzibar, chama tawala kiliyalegeza masharti yale ya Azimio. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995 ikaleta tamko la mali: kiongozi ataje alichonacho, cha mwenzi wake na cha watoto wake wadogo. Ni jambo jema, lakini kutaja si kuacha. Anayetamka nyumba kumi kwa usahihi ametii sheria, na mwisho wa mwezi anakusanya kodi kumi.

Mtasema masharti ya zamani yangetunyima viongozi hodari. Labda wachache. Wenye nyumba wagombee, ila wakishinda wachague kati ya wapangaji na kiti. Bibi Titi alichagua, tena hadharani.