Miongozo ya Tiba ya Kufunga Choo: Tuipime Vipi?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa ukoo, Malvern, Johannesburg)



Nimeombwa niyazungumzie maradhi ambayo wengi huona haya kuyataja: kufunga choo kwa muda mrefu. Kila nyumba imekuja na karatasi yake. Ya Kanada yasema hivi, ya Uingereza yasema vile, na bibi yetu auliza amfuate mjukuu yupi.

Ushauri wa kula nyuzinyuzi, ulio katika karatasi zote, una asili ya karibu nasi kuliko tudhanivyo. Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi miaka mingi Mulago, Kampala, na Walker, mtafiti wa hapa hapa Johannesburg, waliandika mwaka 1972 pamoja na mwenzao Painter kwamba wanavijiji wa Afrika, walao nafaka zisizokobolewa, hupata choo kingi na upesi kuliko Waingereza. Hilo ni kweli. Lakini kulinganisha watu wenye afya si sawa na kuijaribu tiba kwa wagonjwa. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2023, baada ya kuyapima majaribio, ulizipa nyuzinyuzi pendekezo la masharti tu. Pendekezo lenye nguvu liliiendea dawa ya unga iitwayo polietilini glikoli.

Basi mwongozo hupimwaje? Kipo kipimo kiitwacho AGREE II, cha mwaka 2010, chenye vipengele 23 katika nyanja 6, kila kipengele kikipewa alama 1 hadi 7. Mimi hutazama kwanza mambo mawili: ushahidi ulitafutwa na kuchujwa kwa utaratibu gani, na waandishi walilipwa na nani. Karatasi yenye picha za kupendeza yaweza kuanguka hapo hapo. Kisha lafuata suala la utekelezaji, nalo kwetu ni zito: dawa isiyopatikana Jules Street, au ipatikanayo kwa bei ya kodi ya chumba, haimfai bibi hata kama mwongozo umepata alama zote.

Kipimo hicho hupima jinsi mwongozo ulivyotengenezwa, hakimwoni mgonjwa. Damu katika choo, kukonda pasipo sababu, au choo kuanza kufunga uzeeni: hayo hupelekwa kwa daktari, hayabishaniwi kwa karatasi.

Karatasi zenu nimezikusanya. Baada ya chakula nitaketi na bibi tuzisome moja moja. Mwenye orodha ya dawa anazomeza na ailete, kwani dawa kali za maumivu na vidonge vya kuongeza damu navyo huweza kufunga choo.