Mfalme Aliyekataa Kubembelezwa: Funzo la Bhutan



Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Historia ya wafalme imejaa ushahidi wa methali hiyo. Leo nazungumzia mfalme aliyesifiwa, akasihiwa aendelee kutawala, naye akakataa.

Bhutan ni nchi ndogo ya milima ya Himalaya, kati ya China na India. Ufalme wake ulianzishwa mwaka 1907. Mfalme wa tatu, Jigme Dorji Wangchuck, aliunda Bunge mwaka 1953. Mwanawe, Jigme Singye Wangchuck, alirithi kiti mwaka 1972 akiwa kijana wa miaka 16.

Mwaka 1998 kijana huyo, sasa mtu mzima, alivunja baraza lake la mawaziri, akataka mawaziri wapya wachaguliwe na Bunge, kisha akaacha kuongoza serikali. Alitaka pia Bunge liweze kumwondoa mfalme kwa kura. Mwaka 2001 aliagiza katiba iandikwe. Rasimu ilipotolewa mwaka 2005, yeye na mrithi wake walizunguka wilaya zote 20 kuijadili na wananchi. Wengi walimsihi aachane nayo. Hoja yake ilikuwa kwamba hatima ya taifa isiwekwe mikononi mwa mtu mmoja aliyeipata nafasi hiyo kwa kuzaliwa tu.

Desemba 2006, akiwa na miaka 51, alimwachia kiti mwanawe, Jigme Khesar. Mwaka 2007 wananchi walifanya mazoezi ya kupiga kura, wakichagua vyama vya kubuni vilivyotambulishwa kwa rangi. Machi 2008 wakachagua wabunge 47 wa kweli, na Julai katiba ikatiwa saini. Katiba hiyo inamtaka mfalme astaafu akifikisha miaka 65. Akikiuka katiba kwa makusudi, robo tatu ya wabunge wa mabaraza yote mawili ya Bunge wakikubaliana, suala la kumwondoa hupelekwa kwa wananchi katika kura ya maoni.

Lakini sifa zisitufumbe macho. Mapema miaka ya 1990, chini ya mfalme huyohuyo, Walhotshampa wengi, wakazi wa kusini wenye asili ya Kinepali, walivuliwa uraia na kulazimika kuondoka. Kambi za Nepal zilihifadhi zaidi ya watu 100,000. Hapakuwa na katiba ambayo wangeishika mbele ya hakimu.

Wapo wanaoona mambo haya mawili yanapingana. Mimi naona yanaelezana. Mkono ulioweza kuwapa watu kura ndio uliokuwa umeweza kuwanyang'anya wengine nchi yao, na pote pawili hapakuwa na wa kuuzuia. Ndiyo maana wema wa mtawala, hata ukiwa wa dhati, hautoshi kuwa dhamana ya mtu yeyote. Tukitaka kupima zawadi ya mfalme kwa watu wake, tuulize watabaki na nini siku atakapotokea mfalme asiyependa kutoa.

Jigme Khesar alizaliwa mwaka 1980. Mwaka 2045 atatimiza miaka 65. Huenda siku hiyo watu wakamlilia abaki, kama walivyomlilia baba yake. Baba aliondoka kwa hiari. Mwana ataondoka kwa sheria, na hayo ndiyo mageuzi yenyewe.