Kompyuta Iko Orofa ya Pili

Uzi wa leo ni hotuba. Kwa wiki kadhaa tumekuwa tukichambua ahadi zinazorudi kila msimu wa kampeni: barabara, maji, hati za mashamba. Wengi mmeniuliza kuhusu ile ya "kompyuta kwa walemavu". Jumamosi niliizungumzia mbele ya wazazi na vijana hapa Kitengela, na nimeandika vile nilivyosema, bila kuipiga msasa sana. Sheria za humu ni zilezile: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna jina la chama.

Sopa! Habari za mchana wazee wetu, akina mama, vijana. Mniwie radhi, nitaongea nikiwa hapa chini. Jukwaa lina ngazi nne na waandalizi wamejitolea kunibeba pamoja na kiti changu. Nimekataa. Nimebebwa sana maishani, na nikibebwa mbele ya simu zenu zote, kesho picha ndiyo itakuwa habari. Hakuna atakayekumbuka nilisema nini.

Nilizaliwa hivi mnavyoniona. Miguu haina nguvu, mkono wa kushoto unashika kidogo tu. Kompyuta niliiona mara ya kwanza shuleni, Kajiado, mwisho wa miaka ya tisini. Mnakumbuka vile kompyuta zilikuwa zinaheshimiwa. Chumba kina pazia, kila mashine imefunikwa kitambaa kama maiti, na kabla ya kuingia lazima uvue viatu. Sasa, viatu vyangu vilikuwa vimeunganishwa na vyuma vya miguu. Kuvivua ilikuwa kazi ya robo saa, na kuvivaa robo saa nyingine. Kipindi ni dakika 40. Hebu pigeni hesabu.

Kwa hiyo nilikaa mlangoni. Muhula mzima nilisoma kompyuta nikiwa mlangoni, nikinyoosha shingo, halafu jioni nanakili daftari la jirani yangu. Nilijua kutengeneza folda kabla sijawahi kugusa kipanya.

Kugusa kwenyewe kulikuja baadaye, kwenye saiba hapa Kitengela, shilingi moja kwa dakika. Hapo shida ikawa mkono. Kompyuta ilitengenezwa na mtu wa mikono miwili. Ukitaka herufi kubwa, vitufe viwili kwa pamoja. Kunakili, viwili. Mashine ikiganda, vitatu! Nilikuwa natumia kidevu, na watu wakidhani nasinzia. Siku moja nikihangaika na kitufe cha Shift nikakibonyeza mara tano mfululizo. Mashine ikalia, kisanduku kikatokea. Nyinyi nyote mmekiona hicho kisanduku, na nyote hubonyeza "hapana" kwa hasira. Mimi nilikisoma. Kilikuwa kinaniuliza kama nataka vitufe vijishikilie, ili nibonyeze kimoja baada ya kingine.

Sikuamini. Kumbe kuna mtu mahali, simjui hata leo, alikaa akamfikiria mtu wa mkono mmoja, akamwekea njia ndani ya kila mashine inayotoka kiwandani. Hakuuliza uko na kadi ya ulemavu au la. Hakuita kamera. Nimelifikiria jambo hilo kwa miaka zaidi ya ishirini, na ndilo limenileta hapa leo.

Siku hizi saiba ni yangu. Nafungua mashine, napuliza vumbi, nabadilisha diski, na ikikaribia tarehe 30 Juni nusu ya mtaa iko kwangu kujaza fomu za kodi. Kwa hiyo nikisikiliza midahalo ya wagombea, nasikiliza kama fundi. Na huwa nasikia mambo mawili tu kutuhusu. La kwanza ni viti vya magurudumu, ambavyo vitagawiwa uwanjani siku ambayo wapiga picha wapo. Sikatai kiti. Kiti ni miguu yangu. Lakini mtu akipewa kiti kisha aachiwe barabara za Noonkopir wakati wa mvua, kwenye huu udongo mweusi wetu unaoshika gurudumu kama gundi, amepewa pambo la kuweka sebuleni.

La pili ndilo linaloniumiza zaidi, juu linatumia kitu ninachokipenda. Linasemwa hivi: "Kazi ya mtandaoni haihitaji miguu. Tutawapa kompyuta wajitegemee." Watu wanapiga makofi.

Hii kauli ni kweli nusu. Kuna siku mimi hufanya kazi ya mteja wa Mombasa nikiwa kitandani, stima iko, mtandao uko, na hajui kama nina miguu miwili au kumi. Raha iliyoje. Lakini kabla nifike hapo nilihitaji kitambulisho, akaunti ya benki, mtu wa kunifundisha na mteja wa kuniamini. Kila kimoja kilikuwa nyuma ya ngazi fulani. Makao makuu ya kaunti yako Kajiado mjini, kama kilomita 50 kutoka hapa. Makanga akiona kiti anafanya moja kati ya mawili: anageuza uso, au anakitoza nauli kama gunia la viazi.

Mwaka jana niliitwa nisaidie kufundisha vijana kwenye kituo kimoja cha kompyuta. Sitasema wapi. Mashine mpya, intaneti inakimbia, viti vinazunguka. Orofa ya pili, hakuna lifti. Msimamizi, mtu mzuri tu, akaniambia, "Usijali mwalimu, tutakuletea laptopu hapa chini." Nikafundisha nikiwa chini ya ngazi, kando ya mama wa mahindi choma, vijana wakishuka kwa zamu. Nilirudi mlangoni, jameni. Miaka ishirini na kitu, na bado niko mlangoni.

Sasa tuingie kwenye siasa yenyewe. Mgombea akisema "tutatunga sheria", mwambie sheria zipo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ilipitishwa mwaka 2003. Iliwapa wenye majengo ya umma miaka 5 ya kurekebisha milango na ngazi, na wenye magari ya abiria miaka 2, tangu vifungu hivyo vianze kutumika. Piteni hapo steji mhesabu matatu zilizorekebishwa. Mtamaliza haraka. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inasema tuna haki ya kufika mahali pote kwa njia ifaayo, kupata usafiri wa umma na kupata habari. Kifungu hichohicho kinataka asilimia 5 ya nafasi za kuchaguliwa na za kuteuliwa zitufikie hatua kwa hatua. Hatua zenyewe ni fupi sana. Mwaka 2025 sheria ya 2003 ikaondolewa, ikaja mpya. Nimeisoma. Ni nzuri. Ile ya zamani pia ilikuwa nzuri.

Akisema "hawa ni wachache", mjibu na sensa. Sensa ya 2009 ilitutaja kama asilimia 3.5 ya Wakenya. Ya 2019 ikasema asilimia 2.2. Hatukupona jamani! Maswali ya kuhesabu yalibadilika, na watoto wa chini ya miaka mitano hawakuwekwa kwenye hesabu hiyo. Mtu anayetumia namba ya pili kupunguza bajeti ama hajui, ama anajua sana.

Halafu kuna hili la nani afanye nini, hapo ndipo wanatuzungusha. Jedwali la Nne la Katiba linagawa kazi. Mipango ya miji, barabara za kaunti, maegesho, usafiri wa umma wa barabarani, leseni za biashara, vyuo vya ufundi vya vijijini, hizo ni za kaunti. Kwa hiyo mgombea ugavana akiwaahidi laptopu, mrudisheni kwenye ramani za majengo. Jengo likitaka kuinuliwa Kitengela, ramani inapita kaunti. Ofisa anaweza kuuliza, mteremko wa kiti uko wapi? Asipouona, asipige muhuri. Hiyo haihitaji mfadhili wala manifesto. Naye anayetaka kuwa mwakilishi wadi aulizwe atasimamia vipi hilo pale bungeni kwao Kajiado, juu kazi yake ni kuisimamia hiyo serikali ya kaunti.

Kijana mmoja amenikamata hapo nje akaniuliza pesa itatoka wapi. Swali zuri. Mteremko ukijengwa pamoja na jengo ni saruji na kokoto kidogo. Gharama iko kwenye kubomoa ngazi baadaye. Muulizeni fundi yeyote wa mjengo, wako wengi humu. Hata kile kituo cha kompyuta, kama kingepangiwa chini na duka la viatu likawekwa juu, kingegharimu kiasi kilekile.

Na msamaha wa kodi? Upo, mwenye ulemavu aliyesajiliwa halipi kodi ya mapato kwa shilingi 150,000 za kwanza za kila mwezi. Safi kabisa, kwa mwenye mshahara. Kwa mama anayeuza sukuma wiki akiwa amekaa chini kwa gunia, ni habari ya gazetini. Basi tusiuziwe hiyo kama ndiyo kazi yote imeisha.

Nimeonyeshwa saa, namaliza. Nimeona kuna mama hapa mbele amekuja na binti yake, na ameniambia mkono wa kulia wa msichana haufanyi kazi, shuleni wamemwambia somo la kompyuta litamshinda. Nimekuja na laptopu. Maswali yenu nitayajibu tukiwa naye hapa. Njoo mamangu, mletee kiti, hapo hakuna ngazi. Sasa bonyeza Shift mara tano. Kitatokea kisanduku. Kisome kwanza.