Aliyerudi Motoni kwa Ajili ya Mwenzake
Habari za Andrew Mynarski, Askari wa Anga

Wasikilizaji, wazee walisema: Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Ni rahisi kuyatamka maneno hayo barazani, watu wameshiba, na moto uko jikoni mahali pake. Habari za leo ni za kijana aliyeyatimiza usiku, juu angani, na moto haukuwa mahali pake.

Jina lake ni Andrew Mynarski. Alizaliwa mwaka 1916 katika mji wa Winnipeg, nchi ya Kanada. Wazazi wake walikuwa watu wa Poland waliohamia huko kutafuta maisha. Alipokuwa bado kijana baba yake alifariki, naye akashika kazi ya kukata ngozi ili awasaidie mama yake na ndugu zake. Mwaka 1941, vita kuu ya pili ikiwa imepamba moto, alijiandikisha katika Jeshi la Anga la Kanada. Akafundishwa kazi ya kupiga bunduki ndani ya eropleni, kisha akavushwa bahari mpaka Uingereza.

Kikosi chake kilikuwa Kikosi cha 419, nacho kilikaa Middleton St. George, upande wa kaskazini ya Uingereza. Eropleni zao zilikuwa za namna ya Lancaster. Lancaster ilikuwa eropleni kubwa ya kuchukua mabomu, yenye injini nne, na mabawa yake yalizidi futi 100 toka ncha hata ncha. Ndani yake walisafiri watu saba. Watano walikaa upande wa mbele. Wapiga bunduki wawili walikaa peke yao huko nyuma: mmoja katika kibanda cha kioo mgongoni mwa eropleni, na mwingine katika kibanda kama hicho mkiani kabisa. Kazi yao ilikuwa kulinda wenzao, kwa maana eropleni za adui zilipenda kuvizia kutoka nyuma.

Mynarski ndiye aliyekaa kibanda cha mgongoni. Wa mkiani alikuwa Pat Brophy, naye pia mtu wa Kanada. Hawa wawili walipatana sana. Brophy alikuwa ofisa, na Mynarski kwa muda mrefu alikuwa na cheo cha chini yake. Basi kila walipoagana usiku, Mynarski alikuwa na mzaha wake: alisimama wima, akapiga saluti, akasema, "Usiku mwema, bwana."

Tarehe 6 Juni 1944 majeshi ya Waingereza, Waamerika na Wakanada yalishuka pwani ya Normandy, katika Ufaransa, ili kuwafukuza Wajerumani. Wajerumani nao walikuwa wakileta askari na silaha kwa njia ya reli. Kwa hiyo usiku wa tarehe 12 Juni Kikosi cha 419 kiliamriwa kwenda kuvunja reli za mji wa Cambrai. Kwa watu wa eropleni ya Mynarski hiyo ilikuwa safari ya 13, tena wangefika huko usiku wa manane, tarehe 13 imekwisha kuingia. Wazungu wengi huihesabu namba 13 kuwa ya nuksi. Wakati walipokuwa wakingoja kuondoka, Mynarski aliona katika nyasi jani dogo lenye vipande vinne, ambalo kwao ni dalili ya bahati njema. Hakuliweka mfukoni mwake. Alimpa Brophy.

Walipovuka pwani ya Ufaransa, taa kubwa za adui ziliwamulika. Rubani, Art de Breyne, alijitahidi mpaka akatoka katika nuru ile. Lakini punde si punde eropleni ya Kijerumani iliwajia kwa chini na kuwapiga. Injini mbili za upande wa kushoto zilizimika. Moto ukashika bawa, na moto mwingine ukawaka ndani ya tumbo la eropleni, katikati ya kibanda cha Mynarski na kile cha Brophy. De Breyne aliona kwamba eropleni haiwezi kuokoka, akatoa amri watu wote waruke kwa miavuli.

Wale wa mbele wakaruka mmoja mmoja kwa mlango wao. Mynarski akashuka kibandani mwake, akaenda kwenye mlango wa nyuma, ambao haukuwa mbali naye. Mwavuli wake alikuwa nao, na chini yake palikuwa na giza la usiku na nafasi ya kuishi. Hapo ndipo alipogeuza macho kutazama mkiani.

Kibanda cha mkiani kiligeuzwa kwa nguvu ya mafuta yaliyosukumwa na injini kupitia mabomba. Injini zilipokufa, nguvu hiyo ilikatika, na kibanda kikakwama mahali ambapo mtu hawezi kutoka. Brophy alijaribu kukizungusha kwa mkono, na mpini wake ukavunjika. Kwa hiyo alikuwa kama mtu aliyefungiwa katika sanduku la kioo, na eropleni ikizidi kushuka.

Mynarski aliuacha mlango. Alipiga magoti akatambaa kuingia katika moto. Mafuta yaliyokuwa yakivuja yalimlowesha, na alipofika kwa mwenzake nguo zake zilikuwa zikiwaka toka kiunoni kwenda chini. Hakuushughulikia moto huo. Alishika shoka akapiga kile kibanda apate kukifungua, wala hakikufunguka. Akalitupa shoka, akavuta kwa mikono mitupu.

Brophy alimwona usoni kwa karibu, kioo na chuma tu vikiwa katikati yao. Alijua kwamba kazi hiyo haitafaa kitu, na kwamba kila nukta Mynarski anayokawia yazidi kumwondolea uhai. Akampungia mkono aende zake. Mynarski alikataa kwanza. Brophy akapiga kelele na kumpungia tena, kwa ukali. Ndipo Mynarski alipokubali. Palikuwa hapana nafasi ya kugeuka, basi alirudi kinyumenyume katika moto ule ule, macho yake hayakumwacha mwenzake. Alipofika mlangoni alisimama wima, na nguo zake zikiwaka, akapiga saluti. Midomo yake ilitikisika. Kwa kishindo cha upepo na injini Brophy hakusikia sauti, lakini alijua maneno aliyoyasema: "Usiku mwema, bwana."

Kisha akaruka. Watu wa Ufaransa waliokuwa chini walimwona akishuka, nguo na mwavuli wake vikiwaka moto. Walimkuta yu hai, lakini ameungua vibaya mno, na baada ya muda mfupi akafa. Alikuwa na umri wa miaka 27. Kaburi lake liko Méharicourt, katika nchi ya Ufaransa.

Na Brophy je? Eropleni, ikiwa na mabomu yake ndani, ilianguka karibu na kijiji cha Gaudiempré. Bawa la kushoto liligonga mti, eropleni ikapinduka na kuvunjika, na kile kibanda kilichokataa shoka kikafunguka chenyewe kwa nguvu ya mshindo. Brophy akatupwa nje. Alipozindukana alijikuta karibu na mti, hana jeraha kubwa. Saa yake ya mkono ilikuwa imesimama saa nane na dakika kumi na tatu za usiku.

Yule aliyekuwa hana tumaini akaishi, na yule aliyekuwa mlangoni pa uzima akafa. Wafaransa walimficha Brophy, na mwezi wa Septemba 1944 akafika tena Uingereza. Huko ndiko alikopata habari kwamba Mynarski amekufa. Vita vilipokuwa vimekwisha alimsimulia de Breyne yote aliyoyaona, maana katika watu saba wale hapakuwa na shahidi mwingine. De Breyne akapeleka habari kwa wakubwa, na tarehe 11 Oktoba 1946 ikatangazwa kwamba Andrew Mynarski amepewa Victoria Cross. Mama yake ndiye aliyeipokea.

Hakuna nishani ya vita iliyo kubwa kupita hiyo kati ya zile zitolewazo na Mfalme au Malkia wa Uingereza, ingawa ni ya shaba tu, si ya dhahabu wala ya fedha. Katika Kenya nayo haikuwa ngeni: Sajini Nigel Leakey wa K.A.R., mzaliwa wa Kenya, alipewa nishani hiyo hiyo kwa tendo lake huko Kolito, Uhabeshi, mwezi wa Mei 1941. Naye pia alikuwa amekwisha kufa.

Mtu aweza kuuliza: Mynarski alifanikiwa nini? Kibanda hakikufunguka. Brophy hakuokolewa na shoka wala mikono yake. Kama Mynarski angaliruka mara moja, Brophy angaliokoka vile vile, na wote wawili wangalizeeka. Maneno hayo ni kweli, lakini ni kweli ya asubuhi, jua likiwa limetoka na mambo yamejulikana. Usiku ule hakuna aliyeyajua. Aliloliona Mynarski ni moja tu, kwamba mwenzake amekwama, naye hakuwa tayari kuondoka kabla ya kujaribu.

Brophy naye alitimiza wajibu wake. Alipokuwa kifungoni motoni alimfukuza mwenzake aende akaishi, wala hakumng'ang'ania wafe pamoja. Na alipopewa uhai hakunyamaza. Lau angalinyamaza, Mynarski angalikuwa jina moja tu kati ya maelfu ya majina yaliyochorwa juu ya mawe.

Mwaka 2005 ilisimamishwa sanamu ya Mynarski pale pale Middleton St. George, ambako aliondoka usiku ule asirudi. Lakini kabla ya sanamu na kabla ya nishani, kulikuwa na mtu mmoja aliyesema, "Mimi niliona." Tendo jema lililofanywa gizani lahitaji mtu wa kulitoa nuruni, na aliyefadhiliwa ndiye wa kwanza kudaiwa.