Simiti Inafunga Sumu, Haiiondoi

Vijana wenzangu wa Isiolo, na wewe unayesoma ukiwa Garissa, Marsabit ama Mombasa.

Leo tuongee udongo. Najua mmezoea tukiongea vitambulisho na kukamatwa kwa vijana. Lakini Kifungu cha 42 cha Katiba kinakupa haki ya mazingira safi na yenye afya, na haki hiyo inaanzia hapo chini unapokanyaga.

Mnaijua Owino Uhuru, Mombasa? Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifunguliwa ukutani mwa kijiji chenye watu karibu 3,000. Ndani ya betri za gari na za sola mna risasi. Moshi na maji machafu vikaingia kijijini, watoto wakapatikana na risasi kwenye damu. Mama mmoja aliyefanya kazi pale, Phyllis Omido, mtoto wake naye aliugua, akaanza kupiga kelele. Kiwanda kilifungwa 2014. Tarehe 16 Julai 2020 mahakama ya mazingira Mombasa ikawapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, na ikaagiza udongo usafishwe ndani ya miezi minne, la sivyo zilipwe milioni 700 za kuusafisha. Kesi ikakatiwa rufaa, na ni Desemba 2024 tu Mahakama ya Juu iliporudisha hukumu ile ya fidia.

Sasa, kiwanda kikifungwa, risasi inaenda wapi? Haiendi popote. Risasi ni metali, haiozi. Inakaa juu juu kwenye udongo, inapeperuka na vumbi, inaingia kwenye mikono ya mtoto anayecheza chini. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Na akili ya mtoto ikishaharibiwa na risasi, hairudi.

Njia moja ya kutibu udongo kama huo ni simiti. Udongo unachimbwa, ama unachanganywa pale pale na simiti na maji. Simiti inafanya kazi mbili. Kwanza, inaupa udongo ukali kama wa chokaa, na hapo risasi nyingi inageuka chumvi isiyoyeyuka kirahisi majini. Pili, ikishikana, inazifunga zile chembe ndani kama kokoto ndani ya zege. Vumbi linaisha, na mvua haibebi sumu kwa urahisi kwenda kisimani.

Ni njia nzuri, na imetumika sana Marekani. Lakini si ya kukisia kwa sepetu. Simiti ikizidi na ukali ukapanda mno, risasi inaanza kuyeyuka tena. Risasi nyingi nayo inachelewesha simiti kushika. Metali nyingine, kama kromiamu na aseniki, zina tabia zake. Kwa hivyo kipimo kinatafutwa maabara kwanza: donge linapondwa, linalowekwa kwenye maji yenye asidi kidogo, halafu wanapima risasi iliyotoka.

Na kumbuka hili: sumu bado iko pale. Imefungwa tu. Mtu akija miaka kumi baadaye akapasua msingi wa nyumba, amefungua gereza. Wala simiti haitibu damu ya mtoto. Huyo anahitaji hospitali.

Kwa hivyo ukiona mtu anamwaga zege juu ya uwanja wenye sumu na kusema "tumesafisha", muulize: Mmechanganya na udongo, ama mmefunika tu? Matokeo ya maabara yako wapi, kabla na baada? Nani atakuwa akipima kila mwaka, na ni nani ameandikisha kwamba hapa pasichimbwe? Akikosa majibu, hiyo ni rangi tu ukutani.

Mbona nawaambia nyinyi wa Isiolo? Kwa sababu betri ziko kwetu pia: kwenye malori ya mifugo, tuktuk, sola za manyatta. Zinakufa, zinapasuliwa, asidi inamwagwa chini, na ile asidi ina risasi. Hapa kwetu ni kavu, upepo haulali. Betri iliyokufa usiipasue nyumbani, usiyeyushe risasi jikoni, na fundi asiingie na nguo za kazi pale watoto wanapolala.

Na kikija kiwanda mtaani kwako, usingoje mtoto augue. Kifungu cha 70 kinasema huhitaji kuthibitisha kwamba kuna aliyeumia ndipo uende mahakamani. Owino Uhuru walienda wakiwa wameshaumia. Wewe unaweza kwenda mapema: omba ripoti ya athari kwa mazingira, hudhuria kikao cha maoni ya umma, uliza maswali yako na yaandikwe.

Kuzuia ni rahisi kuliko kufunga sumu kwa simiti. Mtumie rafiki yako fundi ujumbe huu.